Mlikula Sinia Moja, Mbona Umeugua Peke Yako?

Msomaji, iwapo umewahi kuketi na wenzako watano kulizunguka sinia la pilau jioni ya Jumamosi hapa Bondeni, kisha ukakesha unatapika ilhali wenzako wamelala usingizi mnono, basi bila shaka umejiuliza swali lililo juu ya makala haya. Aghalabu jibu linalokuja upesi ni mojawapo ya matatu: kwamba mpishi ni mchafu, kwamba umerogwa, au kwamba kuna mwenzako aliyekutilia kitu. La kwanza huenda likawa kweli. Hayo mawili mengine nayasikia katika chumba changu cha matibabu mara nyingi kuliko unavyodhani, na yamekwisha kuvunja urafiki wa miaka mingi.

Kula nje na marafiki si anasa tena kwa watu wa mjini. Hapa mtaani kuna pilau na biriani, viazi karai, mishikaki na samosa, na baada ya hapo kuna faluda au aiskrimu ya kutuliza pilipili. Vijana wanaofuatilia tamthilia za Korea huchanga pesa mwezi mzima, wakapanda matatu hadi Nairobi, ambako kuna mikahawa ya Kikorea, ili wakajichomee nyama wenyewe mezani kama walivyoona kwenye runinga. Sina ugomvi na lolote kati ya hayo. Mimi mwenyewe ni mlaji. Nia yangu leo ni kukufundisha namna ya kuisoma saa ya tumbo, maana ukiijua saa hiyo utajua ni chakula kipi kilichokudhuru, utajua lini ungoje na lini ukimbilie hospitali, na hutamsingizia mtu asiye na hatia.

Saa ya tumbo

Mgonjwa wa tumbo anapoingia kwa daktari huwa tayari amekwisha kukata kesi. "Daktari, ni ile samosa ya asubuhi." Binadamu hukilaumu chakula cha mwisho alichokila, hasa ikiwa alikila mahali asipopaamini. Lakini maradhi ya chakula yana muda wake, na muda huo ndio ushahidi wa kwanza anaoutafuta daktari.

Kuna makundi mawili ya kukumbuka. Kundi la kwanza ni sumu ambayo vijidudu viliitengeneza ndani ya chakula kabla hujakila. Sumu hii haihitaji kungoja. Utaanza kutapika baada ya muda wa kati ya nusu saa na saa sita hivi, kwa nguvu, kwa kawaida bila homa, na mara nyingi kufikia siku ya pili umepona. Kundi la pili ni vijidudu vinavyoingia tumboni vikiwa hai na ambavyo ni lazima kwanza vizaane. Hivi huchukua muda. Vile vya sufuria kubwa la mchuzi wa nyama uliokaa vuguvugu huleta msokoto na kuharisha baada ya saa 6 hadi 24. Salmonela, ambayo hupenda kuku na mayai, mara nyingi huchukua kati ya saa 12 na siku tatu, nayo huja na homa. Kipindupindu kinaweza kuanza baada ya saa chache tu au kikangoja hadi siku tano. Homa ya matumbo huchukua wiki moja hadi tatu. Homa ya ini ya aina ya A, ile inayogeuza macho kuwa ya manjano, huchukua wiki mbili hadi saba.

Soma tena hizo mbili za mwisho. Mtu akila pilau Jumamosi, akapata homa Jumapili, na Jumatatu akaambiwa ana homa ya matumbo, basi pilau ya Jumamosi haina kosa. Kama kweli ni homa ya matumbo, aliipata wiki moja hadi tatu zilizopita, huenda kwa maji, huenda kwa tunda, huenda kwa chakula cha nyumbani kwake. Namfahamu mama mmoja muuza chakula ambaye wateja walimkimbia kwa muda wa miezi kadhaa kwa sababu ya hesabu kama hiyo iliyofanywa vibaya. Alikuwa akiwasomesha watoto kwa sufuria moja. Mtu aliyeeneza habari hizo hakuwa na nia mbaya. Hakujua tu kuhesabu siku.

Wali unaolala

Sasa tuje kwenye pilau yenyewe, kwa kuwa hapa pana jambo ambalo hata wapishi hodari hawalijui.

Mchele huvunwa shambani, na udongo wa shambani una kijidudu ambacho kwa jina la kitaalamu huitwa Bacillus cereus. Kijidudu hiki kina ujanja wa kipekee. Mambo yakiwa magumu hujifungia ndani ya ganda gumu kama mbegu, kikalala humo. Unapochemsha mchele, vijidudu vya kawaida hufa lakini mbegu hizi hustahimili. Kisha pilau inaiva, inafunikwa, inawekwa kando jikoni. Joto linashuka polepole. Likifika la vuguvugu, mbegu huamka, hutoka kwenye maganda yake na kuanza kuzaana, na zikizaana hutema sumu ndani ya wali.

Fanya hesabu pamoja nami. Katika joto linalozifaa, bakteria nyingi huongezeka mara mbili kila baada ya dakika 20. Mmoja huwa wawili, wawili wanne, wanne wanane. Kwa saa moja ni mara tatu, kwa saa saba ni mara 21. Ukianza na kijidudu kimoja tu, baada ya saa saba una zaidi ya milioni mbili. Sasa fikiria sufuria lililofunikwa saa nne za usiku na kufunuliwa saa kumi na moja alfajiri.

Lililo baya zaidi ni kwamba sumu ile ya kutapisha haivunjiki kwa moto wa jikoni. Ukiipasha pilau ya jana hadi itoe mvuke, utaua vijidudu lakini sumu itabaki palepale. Wala haina harufu, wala haibadilishi ladha. Mpishi ataionja akaisifu. Madaktari wa Uingereza waliutambua ugonjwa huu mwanzoni mwa miaka ya 1970, walipoona watu wakitapika baada ya kula wali wa kukaanga katika mikahawa ya Kichina. Ilibainika kwamba wapishi walikuwa wakichemsha wali mwingi na kuuacha nje usiku kucha, kwa vile wali uliolala haushikani ukikaangwa. Maarifa mazuri ya upishi, na maangamizi kwa tumbo.

Kwa hiyo kanuni ni hii. Chakula kilichopikwa kibaki cha moto kweli, juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, au kipoe upesi na kuingia katika friji chini ya nyuzi 5. Shirika la Afya Duniani linashauri kisikae nje kwa zaidi ya saa mbili. Ewe mpishi unayesoma ukurasa huu, usiingize sufuria zima kwenye friji ukadhani umemaliza kazi. Katikati yake patabaki vuguvugu kwa saa nyingi. Utandaze wali kwenye trei pana, usizidi kina cha vidole viwili au vitatu, upoe upesi, ndipo uufunike na kuuhifadhi. Nawe mlaji, nenda kwenye pilau saa inapopakuliwa mara ya kwanza. Kwa mtazamo wangu ni afadhali kula mapema pahali pa hali ya chini kuliko kula saa nne za usiku pahali penye vitambaa vya meza.

Hapo ndipo nitakapowatetea wauzaji wa kando ya barabara, ambao hulaumiwa kwa kila kitu. Kiazi karai kinachotoka kwenye mafuta yanayochemka na kuingia mkononi mwako ni miongoni mwa vyakula salama kabisa hapa mjini. Hakuna kijidudu cha maradhi ya kuharisha kinachoota kwenye kitu kilichotoka motoni dakika moja iliyopita. Kasoro iko kwenye ukwaju uliochanganywa na maji yasiyochemshwa, kwenye kachumbari iliyokatwa asubuhi, na kwenye gazeti au mkono unaokufungia. Kwa upande mwingine, mwaka 2017 huko Nairobi, wajumbe waliokuwa kwenye kongamano, tena kongamano la mambo ya afya, walipatwa na kipindupindu baada ya kula katika hoteli kubwa. Nyota za hoteli hazichemshi maji.

Nyama, koleo na kisu

Wanaopenda nyama choma watafurahi kusikia kwamba pande nzima la nyama halina hatari kubwa. Vijidudu huwa juu, mahali kisu na mikono vilipogusa, na moto huanza kuunguza hapo hapo. Mambo hubadilika nyama inaposagwa. Kile kilichokuwa juu sasa kimechanganywa hadi ndani. Ndiyo maana samosa, kababu na mutura vinataka kuiva hadi kiini, isibaki rangi ya waridi. Mutura uliotokoswa kwanza kabla ya kuwekwa juu ya makaa una afadhali kubwa kuliko ule uliobabuliwa ganda tu. Mwaka 1993 nchini Marekani, watoto wanne walifariki na mamia ya watu wakaugua kwa ajili ya nyama ya kusaga ambayo haikuivishwa barabara. Kijidudu kilikuwa aina ya E. koli ambayo sumu yake hushambulia figo za watoto.

Katika mkahawa wa Kikorea, jiko liko katikati ya meza. Nyama huletwa mbichi, imekatwa vipande vyembamba, nanyi mnaichoma huku mkipiga soga. Ni desturi nzuri, na vipande vyembamba huiva upesi. Tatizo ni koleo. Koleo lililoshika nyama mbichi, kisha likageuza iliyoiva, kisha likamwekea rafiki kwenye sahani, limebeba vijidudu kutoka mwanzo hadi mwisho wa safari. Vivyo hivyo vijiti vya kulia. Ombeni makoleo mawili, moja la mbichi na moja la iliyoiva; hakuna mhudumu atakayewacheka. Mkiletewa moja tu, litumieni kwa nyama mbichi, na iliyoiva itoeni kwa uma safi.

Kuna chakula kimoja cha Kikorea ambacho namshauri kila mtu akiache, nacho ni yukhoe, yaani nyama mbichi ya ng'ombe iliyokatwakatwa, ikatiwa mafuta ya ufuta na kiini cha yai bichi. Mnamo Aprili 2011 huko Japani, katika mikahawa ya nyama ya kuchomea mezani, chakula hicho kiliwaua watu watano na kuwaangusha wengine zaidi ya mia moja, baadhi yao wakiwa na figo zilizofeli. Serikali ya Japani ilikaza masharti ya nyama mbichi mwaka huo huo, na mwaka 2012 ikapiga marufuku uuzaji wa maini mabichi ya ng'ombe mikahawani. Wale waliokufa walikuwa wametoka kula na familia na marafiki, kama wewe.

Na tusijidhanie kuwa sisi tuko mbali na hayo. Angalia pale unapokula nyama choma. Je, ubao na kisu kilichokata nyama mbichi ndicho kinachokukatia iliyoiva mbele yako? Je, nyanya za kachumbari zilikatwa juu ya ubao huo huo? Nyama imepita motoni, lakini kachumbari haitapita motoni kamwe.

Kuhusu kimchi, ile kabichi ya Wakorea iliyochachushwa kwa chumvi, pilipili na kitunguu saumu, sina malalamiko makubwa. Uchachu wake huvizuia vijidudu vingi. Chumvi ndiyo nyingi. Mwenye shinikizo la damu akumbuke kwamba kipimo kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hapo umehesabu mkate, mchuzi na kila kitu.

Kitamu cha mwisho

Baada ya mlo huja kitu baridi. Watu wengi huamini kwamba barafu huua vijidudu. Sivyo. Baridi huvilaza tu, vikiyeyuka huamka. Barafu ni maji, na uzuri wake ni uzuri wa maji yaliyotengenezewa. Juisi ya miwa au ya maembe iliyotiwa vipande vya barafu isiyojulikana ilikotoka ni sawa na kunywa maji hayo moja kwa moja. Hapa Nakuru tuko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100, na watu huniuliza kama hilo linatosha. Linatosha kabisa. Yakisha kutokota kwa nguvu, vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo vimekwisha.

Kisa cha Mary Mallon kinafaa kuelezwa hapa. Alikuwa mpishi mzaliwa wa Ireland, akifanya kazi katika nyumba za matajiri huko New York. Mwaka 1906, katika nyumba moja ya mapumziko, watu sita kati ya kumi na mmoja walishikwa na homa ya matumbo. Mtaalamu aliyeitwa George Soper alichunguza maji, maziwa na samakigamba asione kitu, hadi alipoanza kumfuatilia mpishi. Aligundua kwamba karibu kila nyumba alikopika mwanamke huyu, homa ilimfuata. Naye Mary hakuwa mgonjwa! Alikuwa mzima, mwenye nguvu, lakini vijidudu viliishi ndani yake na kutoka kwa njia ya choo. Soper alishangaa jinsi vijidudu vilivyookoka kwenye chakula kilichopikwa, mpaka aliposikia juu ya kitamu ambacho Mary alisifika kwacho: aiskrimu yenye vipande vya pichi mbichi. Hakuna moto uliopita kati ya mikono yake na vinywa vya walaji. Aliwekwa karantini mwaka 1907, akaachiliwa 1910, akarudi kupika kwa jina jingine, akakamatwa tena mwaka 1915 na kuzuiliwa hadi alipofariki mwaka 1938.

Mimi humhurumia Mary. Hakuwa na kazi nyingine aliyoijua, na hakuna aliyemfafanulia kwa subira ugonjwa usiouma. Lakini kisa chake ndicho chanzo cha kufahamu kwa nini hapa Kenya anayeshughulikia chakula hutakiwa kupimwa kila baada ya miezi sita na kupewa cheti. Cheti kilichonunuliwa bila kupimwa ni karatasi tu. Kwa faluda, kastadi, krimu ya keki na aiskrimu ya kuchotwa, mkono wa mtu ndio kila kitu. Tazama kama kuna maji yanayotiririka na sabuni halisi mahali wahudumu wanaponawia, si ile sabuni ya chupa iliyoongezwa maji hadi ikasahau kutoa povu.

Basi kwa nini wewe peke yako?

Sasa tunaweza kulijibu swali. Kwanza, sinia si chakula kimoja. Sumu au vijidudu havikutandazwa sawasawa kama chumvi. Huenda ulichota upande ule ulioongezewa pilau ya zamani, huenda wewe ndiwe uliyekula kachumbari, huenda wewe pekee uliyeagiza barafu. Pili, kiasi kina maana. Aliyekula matonge matatu na aliyekula matonge kumi na matatu hawakuingiza idadi ile ile ya maadui.

Tatu, na hili hunishughulisha zaidi, ni ulinzi wa tumbo lenyewe. Asidi ya tumboni huua vijidudu vingi kabla havijafika kwenye utumbo. Mtu anayemeza kila siku vidonge vya kupunguza asidi kwa ajili ya kiungulia au vidonda vya tumbo amelifungua lango hilo. Simwambii aviache ikiwa daktari amempa. Namwambia achague chakula chake kwa uangalifu zaidi ya wenzake. Wako pia walio hatarini kwa sababu nyinginezo: mama mjamzito, mtoto mdogo, mzee, mwenye kisukari, anayeishi na virusi vya ukimwi, anayetibiwa saratani. Rafiki yako huenda yumo katika kundi hilo na hajakuambia. Akikataa mshikaki usimtanie.

Kuhusu kisukari nina neno moja. Niliwahi kuletewa mzee aliyekuwa amezimia, pumzi zikienda kasi, baada ya kutapika siku mbili. Kilichomfikisha hapo si chakula. Aliacha sindano zake za insulini kwa kuwa, kama alivyofikiri, asiyekula hahitaji dawa. Mwili unapougua sukari hupanda hata kama huli. Anayejidunga insulini asiiache kabisa bila kumwona daktari. Apime sukari mara kwa mara na atafute msaada siku ile ile. Mzee yule alipona, lakini baada ya siku nyingi wodini.

Si kila tumbo ni taifodi

Watu wengi wa mjini wakisikia tumbo na homa huenda maabara kupimwa damu kwa kipimo cha Widal, kisha hupewa dawa za wiki mbili. Kipimo hicho kilianza mwaka 1896. Huangalia kingamwili za damuni, nazo zinaweza kuwapo kwa sababu uliwahi kuugua zamani, au kwa sababu ya vijidudu vya jamaa nyingine. Katika nchi kama yetu, jibu moja la Widal haliwezi kuthibitisha kwamba leo una homa ya matumbo. Kipimo cha kutegemewa ni kuotesha damu maabara. Ukiambiwa una taifodi mara nne kwa mwaka, uliza ulipimwaje. Huenda hujawahi kuugua hata mara moja, na maradhi yenyewe ni brusela ya maziwa mabichi, au malaria uliyotoka nayo safarini. Kwa upande wa watoto pana habari njema: Julai 2025 Kenya iliendesha kampeni ya kuwachanja watoto wa miezi 9 hadi miaka 14 dhidi ya homa ya matumbo.

Ukishikwa nyumbani

Kinachoua kwenye kuharisha na kutapika ni kupungukiwa na maji na chumvi. Nunua pakiti za dawa ya kurudisha maji mwilini, ni za bei nafuu. Ukizikosa, chukua lita moja ya maji safi, tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, vikoroge vyema. Usizidishe chumvi. Kunywa kidogo kidogo; ukitapika, ngoja dakika kumi kisha uanze tena. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu ya kikombe kikubwa cha chai kila anapoharisha, na aendelee kunyonya. Soda iliyotolewa gesi si badala yake: sukari yake ni nyingi na huvuta maji zaidi kuingia kwenye utumbo.

Usimeze vidonge vya kufunga choo ikiwa una homa au unaona damu, na usimalizie antibiotiki za jirani. Kwa ile E. koli ya figo, dawa hizo zinaweza kuzidisha madhara.

Nenda hospitali bila kungoja kesho ukiona damu kwenye choo, ukiharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, ukishindwa kuzuia hata maji tumboni, ukikaa saa sita au zaidi bila kukojoa, homa ikizidi siku mbili, au mgonjwa akilegea na kusinzia. Mtoto mchanga na mama mjamzito wasingojee dalili hizo.

Kabla hujafika kwa daktari, wapigie simu mliokuwa nao. Waulize nani mwingine ameugua, alianza saa ngapi, na alikula nini ambacho wazima hawakukila. Andika vyakula vyako vya siku tatu zilizopita, pamoja na vinywaji na barafu. Mkiwa wagonjwa wawili au zaidi, mwarifuni bwana afya wa eneo mlikokula kabla ya kuwaarifu majirani. Yeye anaweza kuchukua sampuli na kumwelekeza mpishi, jambo ambalo uvumi hauwezi kulifanya. Mabaki ya chakula kama yapo yafungeni na kuyaweka kwenye friji, na mwandike nje kwamba hayaliwi. Choo cha kupimwa kitolewe kabla ya kumeza kidonge cha kwanza cha antibiotiki, kwa maana baada ya hapo maabara huenda isione kitu.